Wanis Lawandi na Ngazi Tupu

Kwa miaka thelathini na minane, mtu wa mji wetu aliyeshikwa na homa hakusema anakwenda kwa Daktari Habib Basta. Alisema anakwenda kwa Wanis. Daktari ndiye aliyepima na kuandika dawa, lakini kabla hujamfikia ulikutana na Wanis Lawandi, ameketi nyuma ya meza ndogo ghorofa ya pili, koti lake jeupe limepigwa pasi, na kwa jinsi alivyokutazama ulianza kupata nafuu, au ulitambua kwamba hali yako si ya mchezo. Watu wa kazi yake huku kwetu huitwa tamarji. Si wauguzi, ingawa huchoma sindano. Si makarani, ingawa ndio wanaogawa zamu na kupokea ada. Daktari asiyepata tamarji mwema, hata awe amesoma Uingereza, atabaki akiyatazama mazulia yake.

Mimi na Wanis tuliketi dawati moja katika shule ya wamisionari. Yeye aliacha baada ya darasa la sita, baba yake alipofariki. Mimi niliendelea, nikawa mwalimu wa jiografia. Hatukupoteana. Yeye alinipima shinikizo la damu kila mwezi, nami nilimsomea barua za binti yake kwa sauti, si kwa sababu hakujua kusoma, bali kwa sababu alipenda kuzisikia mara mbili.

Daktari Basta alifariki katika vuli ya mwaka wa tisini na saba. Watoto wake, ambao wote wanaishi Kanada, waliuza nyumba yenye kliniki kwa simu. Wanis alirudi nyumbani akiwa na miaka sitini na mmoja, bila kazi, na mkewe, Bi Tafida, alinijia na malalamiko kabla wiki mbili hazijaisha.

"Mwalimu, mchukue rafiki yako aende popote. Jana wake za wanangu walikuja kuoka mkate, akasimama mlangoni mwa jiko akiwauliza nani alitangulia kufika."

"Na nani alitangulia?" Wanis akauliza kutoka sebuleni.

"Umemsikia?"

Ndivyo alivyokuwa siku Daktari Ismat alipobisha hodi. Huyu alikuwa profesa wa afya ya jamii katika chuo cha udaktari cha mji wetu, mama mfupi mwenye miwani minene, asiyependa kuzunguka maneno. Nilikuwapo, kwa hiyo nayaandika niliyoyasikia.

"Ami Wanis," alisema, hata kabla chai haijamiminwa, "nataka uje kufundisha chuoni kwangu."

Wanis alicheka mpaka akakohoa. "Nifundishe nini, daktari? Kuchemsha sindano?"

"Kuendesha kliniki. Wanafunzi wangu wanajua mifupa yote ya mwili. Hawajui watu huingiaje mlangoni."

Akatueleza habari ya mwanafunzi wake bora wa miaka ya karibuni. Kijana huyo alifungua kliniki karibu na stesheni, akatundika bango lenye vyeo saba, akanunua makochi ya ngozi, kisha akaanza kufika saa mbili za usiku. Kwa nini saa mbili? Kwa sababu madaktari wakubwa hufika saa mbili. Wagonjwa wao huanza kukusanyika tangu saa kumi na moja alasiri, na kadiri wanavyongojea ndivyo jina la daktari linavyokua. Wagonjwa wachache wa kijana yule walikuja saa kumi na moja, wakakuta mlango umefungwa, wakaenda kwingine. Naye alifika saa mbili, akiwa amevaa vizuri na amejipaka manukato, kila jioni, kwa miezi kumi. Kisha akafunga, akaenda kuajiriwa Ghuba.

"Alikuwa akichelewa kwenda mahali ambapo hakuna aliyemngojea," alisema Daktari Ismat, na hakusema kwa kumdhihaki. Alikuwa na uchungu. "Kila mwaka nawapoteza watano, sita. Vijiji vinabaki bila daktari."

Wanis aliacha kucheka. Alikizungusha kikombe chake, akauliza swali moja tu: "Darasa linaanza saa ngapi?"

Nilimsindikiza siku ya kwanza, kwa kuwa aliogopa, ingawa hakukiri. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa ishirini na wanne. Walipomwona mzee yule katika koti lake la zamani walidhani amekuja kurekebisha feni. Alipopanda jukwaani, binti mmoja wa safu ya mbele, aliyeitwa Inas, akainua mkono. Baba yake alikuwa mkuu wa forodha, na yeye mwenyewe hakuwa na ulimi wa kuazima.

"Samahani, ami. Tumesoma miaka sita ili tufundishwe kukaa mlangoni?"

"Hapana, bibie. Mlangoni nitakaa mimi. Nyinyi nitawafundisha kuingia." Akamtazama vizuri. "Njoo hapa mbele. Wewe ni mwanamke kutoka Nazlat Bishay. Umelipa ada ya mtu mmoja. Umekuja na watoto watatu na mama mkwe."

"Mimi sijaolewa."

"Hapa umeolewa, na mumeo yuko Kuwait. Haya, na daktari ni yule bwana mwenye shati la bluu."

Darasa likapiga vifijo. Mwenye shati la bluu, kijana mnene aitwaye Ruhi, akatolewa kwa nguvu na wenzake. Inas, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa, alijifunga kitambaa kichwani, akaanza kwa sauti ya kijijini iliyotufanya sote tushike mbavu:

"Ewe daktari, Mungu akuweke, umeshamaliza na mimi? Basi mtazame na huyu mtoto, anakohoa kidogo tu. Na huyu, ana upele. Na mama yetu huyu, mguu wake. Si tuko hapa hapa?"

"Kila mgonjwa ana ada yake," alisema Ruhi, akikunja uso kama profesa.

"Umempoteza," alisema Wanis.

"Lakini ami, nitafanya kazi ya watu watano kwa ada ya mtu mmoja!"

"Hukusema uongo. Ila ulisema kwa mdomo wako, na mdomo wa daktari si wa kutajia bei. Hilo lilikuwa langu mimi, mlangoni, kabla hajaingia. Ningemwambia: mama, leo mtazamishe mtoto anayekohoa, maana yeye ndiye aliyekutoa nyumbani. Mwenye upele mlete siku ya marudio, nitamwomba daktari amtazame bure. Unaona? Hakuambiwa hapana. Ameambiwa lini."

Niliona kalamu zikianza kutembea. Inas alirudi kwenye kiti chake akiwa bado na kitambaa kichwani.

Siku hiyo aliwafundisha habari ya marudio kwa saa nzima. Huku kwetu, mgonjwa aliyelipa hurudi bila malipo ndani ya siku kadhaa ili daktari aone kama dawa imefaa, na madaktari vijana huyachukia marudio kama kodi. Hufupisha siku zake, au humpokea mgonjwa kwa uso wa kumfukuza. Wanis aliwaambia kwamba kliniki ya Daktari Basta ilijengwa na marudio, kwa sababu anayerudi hatembei peke yake. Huja na jirani wa kumsindikiza, na jirani naye ana kiuno kinachomuuma. "Mgonjwa wa mara ya kwanza ameletwa na maradhi," alisema. "Wa mara ya pili umemleta wewe."

Habari zilipanda mpaka baraza la chuo. Huko ndiko alikokuwa Daktari Rifqi, bingwa wa moyo, mtu mrefu, mwenye sauti nzuri na ngazi maarufu kuliko zote mjini. Nasema ngazi kwa sababu katika mji wetu ukubwa wa daktari hupimwa hapo. Watu hupita barabarani, hutazama ndani ya jengo, wakikuta wagonjwa wameketi mpaka kwenye vidato vya chini, husema: huyu ni daktari. Ngazi za Daktari Rifqi zilijaa kuanzia alasiri, na walinzi wa majengo ya jirani waliwauzia wagonjwa wake chai.

"Leo tamarji," alisema barazani, na Daktari Ismat alitusimulia neno kwa neno. "Kesho tutamleta muuza maharage afundishe upasuaji."

"Muuza maharage wa kona ile ana wateja kuliko nusu ya wahitimu wetu," alijibu Daktari Ismat. "Nami nitamkaribisha."

Waliteta kwa mikutano miwili. Mwishowe mkuu wa chuo, Daktari Munir, mtu mpole aliyependa kila mtu aende nyumbani ameridhika kidogo, alitoa uamuzi. Jumuiya moja ya hisani ilikuwa na zahanati iliyofungwa, vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa. Wanis na wanafunzi waifungue kwa muhula mmoja, ada iwe ndogo, Daktari Ismat na madaktari wawili wa chuo watibu. Kabla muhula haujaisha baraza litafika bila taarifa. Likikuta kliniki iliyo hai, somo litaingia katika mtaala kwa kudumu, na Wanis atapewa mkataba. Likikuta vinginevyo, somo litafutwa na halitatajwa tena.

"Mimi sitahitaji hata kuingia," alisema Daktari Rifqi. "Nitaangalia ngazi tu. Ngazi hazina uongo."

Nilimuuliza Wanis kama alikuwa na wasiwasi. Tulikuwa tukila mchuzi wa mulukhiya kwake. Aliweka kipande cha mkate chini. "Mwalimu, nilidhani nilichokijua kimezikwa na Basta. Sasa nimeona watoto wa watu wanakiandika kwenye madaftari. Wakinifungia, sitakuwa na njaa. Ila kitakuwa kimezikwa mara ya pili, na mimi nimesimama natazama."

Zahanati ilifunguliwa mwezi Februari. Kwa majuma mawili ya kwanza furaha ilikuwa kubwa. Ada ilikuwa ndogo, Daktari Ismat alijulikana, na jina la Wanis lilifika vijijini kabla ya bango kukauka rangi. Watu walianza kuja saa tisa, na ilipofika saa kumi na moja ngazi zilikuwa zimejaa mpaka mlangoni mwa duka la vitambaa. Ruhi alishuka mara tatu kwa siku kuzitazama. Inas alihesabu vichwa na kuandika idadi ubaoni. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilipita makusudi na jamaa zangu ili wazione.

Halafu likatokea jambo ambalo wengi wetu tusingeliona. Siku ya Jumanne mwanamke mmoja wa Nazlat Bishay, akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni, alikaa kwenye kidato cha saba cha ngazi tangu saa tisa na nusu. Alikuwa wa ishirini na sita. Magharibi ilipoadhiniwa alisimama, akamfunga mtoto vizuri, akashuka. Hakugombana na mtu. Inas aliona nafasi imebaki wazi, akamwita wa ishirini na saba.

"Wa ishirini na sita yuko wapi?" Wanis aliuliza.

"Ameondoka, ami. Labda amechoka."

"Watu wa Nazlat Bishay hawachoki. Gari lao la mwisho linaondoka baada ya magharibi. Ameliwahi."

Kesho yake asubuhi alipanda gari mwenyewe mpaka Nazlat Bishay, akaulizia nyumba kwa nyumba, akamkuta mtoto anapumua kwa shida. Alirudi naye pamoja na mama yake, akawapitisha moja kwa moja hospitalini. Mtoto alipona, lakini Daktari Ismat alisema kwamba usiku mmoja zaidi ungetosha kubadilisha habari hii.

Jioni Wanis aliwakusanya wanafunzi. Sikuwahi kumsikia akiongea kwa ukali vile, wala hakuinua sauti.

"Kwenye ubao huu mmeandika watu sitini na wawili. Nani ameandika aliyeshuka?"

Macho yote yakageukia ubao.

"Nilifanya kazi kwa Basta miaka thelathini na minane, na ngazi zake zilijaa, nami nilijivuna. Sasa nawaambia kosa langu, msije mkalirithi. Watu kwenye ngazi si sifa ya daktari. Ni kazi ya tamarji ambayo haijafanywa."

Siku mbili zilizofuata hakuonekana zahanati. Alikuwa kwenye kituo cha magari ya vijijini, nyuma ya soko, amekaa juu ya gunia la vitunguu na madereva, akinywa chai yao na kuandika: Nazlat Bishay, la mwisho baada ya magharibi; Bani Wasil, saa kumi na mbili kasoro, lakini dereva hungoja mpaka ajaze siti zote; Izbat Rizq, gari moja tu, saa kumi na moja. Aliporudi alikuwa na utaratibu mpya. Mgonjwa hakupewa zamu kwa kutangulia kufika. Alipewa kwa gari la kumrudisha kwake. Wa Izbat Rizq waliingia kwanza, wa Bani Wasil wakafuata, na sisi wa mjini, ambao miguu yetu ndiyo gari letu, tukabaki mwisho. Kila mmoja aliambiwa saa yake, na aliyefika mapema aliambiwa aende sokoni anunue haja zake, kuliko kukaa bure. Saa hazikutajwa kwa wote kwa namna moja. Aliyevaa saa aliambiwa saa na dakika. Asiyevaa aliambiwa: njoo mwadhini anapoanza kusafisha koo, au: njoo treni ya Kairo ikishapiga honi.

Inas ndiye aliyeona hatari, akamfuata mezani nikiwa nimeketi pale.

"Ami, ngazi zimekuwa tupu."

"Mungu asifiwe."

"Usiniambie Mungu asifiwe! Baraza likija leo? Yule mrefu amesema ataangalia ngazi. Watasema hatuna hata mgonjwa mmoja."

"Watasema."

"Basi tungoje. Wiki chache tu zimebaki. Waje, waone watu, wapige kura, halafu tutumie utaratibu wako milele."

Daktari Ismat alikuwa amesimama mlangoni na glavu mkononi. Alikohoa kidogo. "Ami, mimi pia nimeliwaza hilo," alisema.

Wanis aliwatazama kwa zamu. Nilijua ni kitu gani alikuwa anakipima, kwa maana alikuwa ameniambia mezani kwake. "Sawa," alisema. "Nani kati yenu atakwenda Nazlat Bishay kumwambia mama yule kwamba mtoto wake angoje baraza?"

Inas akachukua kitambaa, akaufuta ubao wenye hesabu ya vichwa, na tangu siku hiyo hakuandika tena idadi ya waliokaa. Aliandika idadi ya waliorudi.

Baraza lilikuja Jumatano ya mwisho wa Aprili. Zamu yangu ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo, kwa kuwa mgonjwa mmoja wa Bani Wasil alikuwa ameahirisha nami nikapewa nafasi yake. Nilikuwa napanda taratibu, kama umri unavyotaka, nikasikia viatu vya ngozi nyuma yangu. Walikuwa watano, Daktari Munir mbele, na Daktari Rifqi akigusa ukuta kwa kidole, kama mtu anayetafuta vumbi.

"Hata paka hayupo," alisema. Sauti yake ilipendeza sana ndani ya zile ngazi tupu. "Mzee, wewe unakwenda wapi?"

"Kupimwa shinikizo la damu, daktari."

"Uko peke yako?"

"Nilikuja peke yangu."

Ndani kulikuwa na viti vinne, na hakuna aliyekalia hata kimoja. Wanis alisimama. Mikono yake, niliyoijua tangu utotoni, ilishika ukingo wa meza.

"Karibuni, mabwana. Mna zamu?"

"Zamu ya nini?" Daktari Rifqi alizunguka chumba kwa macho. "Munir, tusipoteze jioni ya watu. Nafikiri tumeona."

"Asiye na zamu hukaribishwa kuketi," alisema Wanis. "Viti ni vyenu."

Daktari Munir alikuwa na goti bovu, na ngazi zilikuwa nyingi. Aliketi. Alipoketi mkuu, wengine nao wakaketi, isipokuwa Daktari Rifqi. Saa kumi na moja kasoro robo kamili Inas alinifungulia mlango. Nilipotoka dakika kumi baadaye, nilisimama pembeni nikijifanya kutafuta miwani yangu, kwa maana sikuwa tayari kuondoka.

Mlango ukabishwa. Mwanamke wa Bani Wasil, kapu la biringanya kichwani, akaingia, akatua kapu, akaingia kwa daktari. Alipokuwa anatoka, fundi wa matofali alikuwa kwenye kidato cha juu. Alipotoka fundi, wakaingia mume na mke wanaogombana kwa sauti ya chini. Kila mmoja alimkuta mwenzake anatoka, kama watu wanaopishana mlangoni mwa kanisa. Baada ya wa tano Daktari Munir alitoa saa yake mfukoni, akaiweka juu ya goti. Hakuirudisha tena.

"Amewapanga," alisema Daktari Rifqi. "Huu ni mchezo wa kuigiza."

Hapo mlango ukabishwa tena, akaingia bibi mnene aliyevaa nyeusi, mkono mmoja ameuegemeza kwa jirani yake. Daktari Rifqi alinyooka kama askari.

"Mama?"

"Rifqi!" Alikuwa mama mkwe wake, Bi Ihsan. "Na wewe unatibiwa hapa? Nilijua. Huwezi kujitibu katika kliniki ile, utakufa unangojea."

Ruhi alijificha nyuma ya kabati la dawa. Nilisikia kabati likitetemeka.

"Mama, si ungenipigia simu? Mimi ni bingwa wa moyo, mama. Moyo!"

"Nilipiga. Nyumbani niliambiwa uko kliniki. Kliniki niliambiwa hujafika. Nikaja mwenyewe, mwanangu, nikakaa kwenye vidato vyako kwa muda wa saa nne, miguu ikavimba kuliko ilivyokuwa. Yule tamarji wako akaniambia nikinunua tiketi ya haraka nitaingia mapema. Mimi! Niliyekupa binti!" Akamgeukia Wanis, sauti ikalainika. "Ami Wanis, nimechelewa?"

"Umewahi kwa dakika mbili, bibi. Na huyu ni nani?"

"Jirani yangu, Bi Nafisa. Ni marudio yangu ya tatu, nikaona nimlete. Mara ya pili nilimleta dada yangu."

"Bi Nafisa atapata zamu baada yako. Keti kidogo." Wanis akatazama viti. Vilikuwa vimejaa wajumbe wa baraza. Wajumbe wawili walisimama kwa pamoja.

Waliondoka baada ya saa moja na nusu. Kabla hajaondoka, Daktari Munir alimuuliza Inas walikuwa wametibu wangapi siku hiyo.

"Thelathini na wanne tangu saa tisa, daktari. Ishirini na mmoja ni wa marudio."

"Na wako wapi?"

"Wako kwao," alisema Inas. "Wanakula chakula cha jioni na watoto wao." Alisema hivyo kwa kichwa kilichoinuliwa, na nilimwona Wanis akiinamisha chake, akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

Kura ilipigwa Jumatatu. Daktari Ismat alikuja mbio mpaka nyumbani kwa Wanis, na kwa mtu wa umbo lake mbio hizo hazikuwa jambo dogo. Alisimama mlangoni akipumua.

"Wote," alisema. "Wote! Rifqi aliinua mkono akiwa wa mwisho, lakini aliuinua. Akauliza kama tamarji wake anaruhusiwa kuhudhuria."

Bi Tafida alipiga kigelegele kilichowatoa majirani kwenye roshani. Kutoka jengo la pili wakajibu, kisha la tatu, bila kujua ni kwa ajili ya nini. Wanis aliketi chini. Aliomba maji, akanywa nusu, akasema, "Anaruhusiwa. Ila afike mapema."

Mwezi Septemba ratiba ya mwaka mpya ilibandikwa kwenye ukuta wa chuo. Inas, ambaye sasa alikuwa daktari wa mwaka wa mazoezi na ameomba kwa hiari yake kupelekwa Nazlat Bishay, alimshika mkono akampeleka kuiona. Mimi nilikuwa nyuma yao. Kati ya majina ya maprofesa, katika mstari wa Jumatatu saa nne asubuhi, paliandikwa: Uendeshaji wa Kliniki, Bwana Wanis Lawandi. Katibu alikuwa amemuuliza aandike cheo gani, naye alisema aandike tamarji; katibu hakuthubutu.

Aliusoma ule mstari kwa sauti, kisha akausoma tena. Alitoa leso, akafuta miwani yake, akaivaa. Wanafunzi wapya walikuwa wamejaa nyuma yetu, wakinyoosha shingo kutafuta vyumba vyao.

"Nani hapa ana somo langu?" aliuliza akiwageukia.

Mikono mingi ikainuka, zaidi ya nilivyoweza kuhesabu.

"Vizuri. Nataka wawili waende nami kesho alfajiri kwenye kituo cha magari. Madereva wa Bani Wasil wamebadilisha saa zao za baridi, na sisi bado hatujui."